Kundi la Kudhibiti

Jumatatu, 3 Juni
Hatimaye! Tajiri wetu anatafuta msimamizi wa karakana ya ushonaji. Anataka mtu anayewaelewa watu. Nani zaidi yangu? Ila Miwani, jirani yangu wa cherehani, naye anakitaka cheo hicho. Sote wawili tunasoma saikolojia ya wanaoanza kila Jumamosi, basi tajiri kaamua tufanye utafiti humu karakanani. Atakayesifiwa na mwalimu ndiye msimamizi.

Dhana yangu: nikiimba, mafundi hushona haraka. Hilo nalijua siku nyingi. Kilichobaki ni kulithibitisha tu.

Jumanne, 4 Juni
Daftari la kozi linasema watu wagawanywe: kundi la majaribio na kundi la kudhibiti. La majaribio nimelielewa. Lakini kuwadhibiti watu wazima? Kazi ipo! Nimeazima kufuli la mlinzi.

Jumatano, 5 Juni
Mafundi wanne nimewaimbia. Wanne nimewaingiza stoo ya vitambaa pamoja na cherehani zao, nikafunga. Mama wa vifungo kaniuliza kupitia mlangoni, mwanangu, unaumwa? Nikamjibu ni sayansi, mama. Akauliza kama sayansi hiyo ina choo.

Matokeo: stoo, kola thelathini na moja. Walioimbiwa, kumi na tisa. Haiwezekani!

Nimechunguza. Wawili kati ya walioimbiwa walijiziba masikio kwa pamba. Hao nimewafuta. Wa tatu alisema naimba kama mlango usiotiwa mafuta. Chuki binafsi, nimemfuta pia. Kabaki mzee wetu asiyesikia vizuri: kola tisa peke yake! Wastani wa stoo haufiki nane. Nimeshinda!

Ijumaa, 7 Juni
Nimechungulia ripoti ya Miwani. Alidhani wanaokaa dirishani hushona mishono iliyonyooka zaidi. Kapima, kakuta hakuna tofauti, na kaandika wazi kwamba alikosea! Nimecheka mpaka nikajichoma sindano. Nani hujipeleka mwenyewe kwa mwalimu na kosa lake mkononi?

Jumamosi, 8 Juni
Mwalimu kauliza kufuli lilikuwa la nini. Nikaeleza. Darasa zima hoi kwa kicheko. Kumbe kundi la kudhibiti ni la kulinganishia tu, hafungiwi mtu! Kisha akafundisha upendeleo wa kuthibitisha: mtu huokota yanayomuunga mkono, mengine huyatupa. Nikamtazama Miwani kwa huruma. Somo lilimhusu sana, maskini.

Aliyesifiwa ni yeye, na cheo kapewa yeye. Nimeumia, sifichi. Miaka sita nimekingoja. Machozi yalinilengalenga pale pale darasani. Lakini Miwani kanifuata mlangoni, kasema ndugu yangu, usikate tamaa, cheti cha kozi bado unaweza kukipata, Jumatatu tupange utafiti mwingine pamoja. Tena kanipa nafasi ya kukaa dirishani. Moyo umetulia. Nimeomba radhi kwa mama wa vifungo, naye kasamehe, ingawa sasa hapiti karibu na stoo nikiwepo.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu kauliza kozi imenifunza nini. Nimemwambia makosa ya kufikiri yapo tele, karakana nzima wanayo, hata tajiri. Kwangu nimetafuta asubuhi yote, sijaona hata moja. Ila mtafiti mzuri hajitegemei mwenyewe, basi nikamuuliza na yeye kama kaona lolote. Akaanza kunihesabia kwa vidole. Alipofika cha nne, nikamfuta kwenye utafiti.