Pasi Ambazo Hazikuja kwa Maan

Khuwair ya Kusini, Maskati
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Kwa Mtunza Takwimu wa timu yetu ya mtaa,
Bwana Asaad, mwanangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima huko kazini Rusayl, na kama una mafua basi yawe yamepungua. Sisi nyumbani hatujambo. Bibi yako hajambo, sukari yake imeteremka, anakusalimu na anauliza kwa nini umekonda kwenye picha za harusi ya Fahd. Nimemwambia ni ile kanzu ya dishdasha ilikuwa kubwa. Binti yangu Balqis anakusalimu, kamaliza mitihani. Nyamizi, anayetusaidia kazi za nyumba, anakusalimu, na anasema bakuli la biriani ulilochukua Idi bado hujalirudisha. Mamaako, mdogo wangu, nimeonana naye jana, hajambo. Nilimuuliza kama anajua ulilolifanya, akasema hajui. Nikamweleza. Sasa anajua. Paka pia hajambo.

Maan hakusalimu.

Ndiyo sababu ya kuandika. Nilikupigia simu ukanijibu kwa adabu, sikatai, "Mamkubwa, malalamiko ya timu yanapokewa kwa maandishi." Haya mwanangu. Mimi skuli niliishia darasa la tano Unguja, lakini kalamu nnayo na karatasi nimeichana kwenye daftari la Balqis. Na kwa kuwa najua barua hii utamwonesha kocha Khattab, naanza mwanzo ili na yeye afahamu.

Mwanangu Maan ni beki wa kulia. Baba yake alipofariki mwaka juzi, alijifungia chumbani miezi minne. Chakula nilikuwa namwekea mlangoni na nakikuta palepale. Nyinyi ndio mlokuja kumgongea, mkamtoa, mkampa jezi, na kila swala nakuombeeni kwa hilo. Sasa wiki iliyopita wewe huyohuyo umebandika kwenye grupu la timu karatasi yako ya ulinzi wa pasi: nani kakata pasi ngapi tangu msimu uanze. Safwan, beki wa kushoto, arubaini na moja. Maan, tatu. Kocha akaisoma, akasema Ijumaa kwenye nusu fainali Maan akae benchi. Maan kaviosha viatu vyake, kavitia ndani ya mfuko, kavipandisha juu ya kabati. Nimemwambia nenda kazungumze na kocha. Kanijibu, "Mama, karatasi ishasema." Na jana chakula cha mchana hakukigusa, na ilikuwa siku ya pweza wa nazi.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya.

1. Umehesabu pasi alizozikata. Hukuhesabu pasi ambazo hazikuja. Mimi nakaa garini upande wa kulia wa uwanja, dirisha nimeliteremsha, naona kila kitu. Winga wa wenzetu akifika ubavuni kwa Maan anasita, anamtazama, anaugeuza mpira, anaupeleka kwa Safwan. Sasa mtoto akate nini? Aende akaikate pasi ya upande wa pili arudi?

2. Safwan ni kijana mzuri na mamaake ni mtu wangu, lakini Safwan kwanza anampisha mtu, halafu anamkimbiza. Akimpata, wewe unaandika moja. Balqis humu ndani anaacha sufuria la samaki wazi, paka anakuja, anamfukuza. Kwa siku mara nne. Mimi sufuria nalifunika, paka haji. Kwa hesabu yako Balqis ni mlinzi wa paka wanne na mimi ni sifuri. Njoo ule samaki wa Balqis basi, kama atakuwa amebaki.

3. Hili la tatu limeniuma zaidi kwa sababu wewe umesoma. Siku tulocheza na vijana wa Ghubra tulikuwa mbele mabao matatu hata mapumziko hayajafika. Wale maskini wakawa wanapiga pasi tu, kila upande, wanatafuta pa kutokea. Karatasi yako ikaandika kwamba tumepigiwa pasi mia tatu na kitu, ulinzi dhaifu. Halafu ile siku ya balaa, tulofungwa manne, wenzetu waliridhika mapema, wakawa wanabutua mpira nje na kulala chini kushika misuli. Pasi chache mno. Karatasi yako ikaandika ulinzi bora wa msimu. Nilimwomba Balqis anisomee mara mbili nikidhani ni miwani yangu. Mwanangu, siku tulofungwa manne ndiyo siku bora? Basi tuombe tufungwe saba tuchukue na kombe.

4. Kwa kuwa hesabu ndiyo inayosikilizwa, na mimi nimehesabu. Mechi ya juzi na Azaiba nilikaa na tasbihi, Mwenyezi Mungu anisamehe maana sikuwa nikileta dhikri. Kila winga wao alipofika kwa Maan akaugeuza mpira, nilivuta punje moja. Tasbihi yangu ni ya thelathini na tatu. Ilizunguka yote, ikaendelea punje nane. Jumla arubaini na moja. Safwan imemchukua msimu mzima kufikia hapo. Maan kafika kwa mechi moja, tena bila kutoa jasho, na jezi nimeifua mimi, najua ninachokisema.

5. Kwa nini wanahesabiwa wachezaji peke yao? Siku hiyohiyo nilimhesabu na kocha Khattab. Kaitazama simu yake mara saba. Kamgombeza refa mara kumi na tisa, na mara mbili refa alikuwa upande wetu. Wewe nimekuhesabu mara moja tu lakini ni moja nzito. Bao lao lilipoingia ulikuwa umeinamia tableti yako unaandika pasi iliyopita. Watu wote wameshika vichwa, wewe unauliza, "Nini? Nini?" Nilikuona, mwanangu. Gari letu ni lile jeupe.

6. Nakuja kwenye jambo ambalo sikutaka kulitia, lakini umenilazimisha. Wewe unajua ni nani anayekupelekea posa. Ni mimi. Nimekwenda nyumba tatu mwaka huu, nimevaa vizuri, nimebeba halwa, nimekaa, nimekusifu mpaka koo likakauka. Nyumba tatu, majibu sifuri. Ningekuwa na karatasi kama yako ningeandika: Asaad, posa tatu, waliokubali hakuna, akae benchi. Sikuandika. Kila nyumba nimewaambia, huyu kijana msimpime kwa yaliyotokea, mpimeni kwa alivyo, ni mpole, anasali, anamtii mamaake, hamjamwona akicheka na watoto. Nimekutetea hivyo kwa watu ambao hata chai hawakunimiminia mara ya pili. Na ya nne nimepanga kwenda mwezi ujao. Nasema nimepanga.

7. Huko kazini kwenu nimesikia unahesabu katoni. Ikivunjika unaiandika, na aliyeivunja anaitwa. Ile iliyofika salama haiandikwi popote. Siku moja muulize mtu aliyeibeba vizuri anajisikiaje. Mimi nishamuuliza mmoja, yuko chumbani kwake, mlango kaufunga.

Kwa hivyo naomba yafuatayo, na naomba kwa upole kama mamkubwa wako, si kama mama wa mchezaji. Maan aanze Ijumaa. Kwenye karatasi yako uongeze safu nyengine, uiite Zilizoogopa Kuja, na mimi ntakuletea hesabu kila mechi, sitaki malipo wala jezi. Na kocha Khattab aje nyumbani amwambie Maan kwa mdomo wake, maana wewe ukija atadhani nimekutuma, na mimi sijamtuma mtu. Akija siku yoyote baada ya Magharibi atakuta chapati. Safwan sisemi atolewe. Abaki, anahitaji mazoezi.

Usiichukue barua hii kwa ubaya. Nilikubeba wewe kabla sijambeba Maan, na siku uliyoanguka kwenye ngazi ukavunja jino ni mimi niliyelia, si wewe. Ila hesabu na huruma mwanangu sioni kwa nini zisikae kwenye tableti moja, kama nafasi ipo.

Msalimie kocha Khattab na mkewe na wale mapacha. Wasalimie wenzako wa kazini, khasa yule mzee aliyenipeleka hospitali siku gari lilipozima. Msalimie Safwan, na mwambie mamaake mchele umefika. Bibi yako anasema na wewe usalimiwe tena kwa sababu mara ya kwanza hakukusudia kukuudhi kuhusu kukonda.

Mimi mamaako mkubwa mwenye kukupenda na kukulalamikia,
Muhsina, mama wa Maan

Baada ya sahihi:

Jambo dogo nimelisahau, na hili usimsomee kocha. Timu ya Ijumaa ni ya Matrah, na kina mama wa Matrah siwajui hata mmoja, huko nakwenda sokoni tu na kurudi. Wa Ghubra nawajua, wa Azaiba nawajua, tunakutana maharusini, na kila Alhamisi baada ya Alasiri kabla ya mechi huwa nampigia simu mama wa winga wa kushoto. Namsalimia, namuuliza hali na watoto, halafu namwomba tu amwambie mwanawe mpira aupitishe upande mwengine, kwa sababu tangu baba yake afariki siwezi kumwona Maan akiangushwa chini. Wote wanakubali, hakuna hata mmoja aliyewahi kunikatalia, ni watu wastaarabu. Hili halihusiani na niliyoyaandika huko juu, ni la kina mama, wala usilitie kwenye karatasi yako, na Maan asilisikie maisha. Ila kama unampanga, na najua utampanga, basi nitafutie namba ya mama wa winga wa Matrah. Nitumie leo hii, mwanangu, usingoje kesho, Alhamisi haiko mbali na mtu mgeni sharti kwanza nimzoeze.