Mayai Meupe ya Bibi Kui

Jumatatu, 3 Machi
Kui ametaga. Mayai yamejipanga kwenye bomba la tangi kama shanga. Mumewe, Njau, anayapepea kwa mapezi. Baba mwema. Nilimwahidi Mwalimu Viola wa nasari kule Gitothua vifaranga vya samaki kwa tangi la watoto. Jirani yangu hapa Kiganjo, Mutisya, naye amemwahidi magapi, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Magapi huzaa ovyo tu. Wangu ni samaki malaika.

Jumatano, 5 Machi
Mayai yamegeuka meupe, yameota manyoya kama pamba. Ajabu. Nimekaa mbele ya kioo hadi ugali ukaungua. Mutisya akachungulia akasema hayajarutubishwa, niyatoe kabla maji hayajaoza. Nikamjibu kwamba hayo manyoya ni blanketi. Akauliza nimeyasoma wapi. Nikamwambia watu wengine tumezaliwa na kipaji.

Ijumaa, 7 Machi
Maji yananuka. Nimeyakwangua mayai kwa kijiko, shingo upande. Halafu kioja: Njau naye ametaga. Mume wa kisasa, anamsaidia mkewe.

Jumamosi, 8 Machi
Viola amekuja. Nilivaa shati la kanisani. Akawatazama samaki kitambo, akaniuliza kwa upole nani alinihakikishia Njau ni dume. Nikasema ana sura ya kiume. Akaeleza kwamba majike wawili wakikosa dume huweza kuishi kama mke na mume na kutaga pamoja, lakini mayai huishia kuwa meupe. Yenye uhai hubaki maangavu, na baada ya siku chache huonekana vijicho ndani. Nilitamani kuviona hivyo vijicho kuliko nilivyotamani kumshinda Mutisya. Au tuseme, karibu sawa.
Akabeba mayai machache ya Njau kwenye chupa, watoto wajionee. Akabeba na magapi ya Mutisya.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeleta dume kutoka mjini Thika. Gichuru. Paji la uso pana, hasira tele. Viola alinishauri nikague kijibomba cha uzazi chini ya tumbo wakati wa kutaga, ndicho hutofautisha dume na jike. Mambo ya aibu hayo. Paji linatosha.

Jumapili, 23 Machi
Gichuru ametaga.
Nimefikiri ibada nzima, nikapata jibu. Nimempigia Viola kumjulisha kwamba katika aina hii, dume ndiye hutaga. Akaniomba nirudie, bila shaka kwa mshangao. Kumbe tangu mwanzo nimefuga madume watupu.
Kesho naenda kutafuta jike.