Kidole cha Shangazi Emerance

Jumatatu, 1 Septemba
Jina la Kelly, mwenzangu wa chuoni na kanisani, limetoka kwenye jarida la utafiti! Mtu wa saba kati ya waandishi tisa, utafiti wenyewe wa mkojo wa panya, lakini jana Mchungaji kasimamisha ibada apigiwe makofi. Nilipiga kidogo. Sote wawili tumeomba shule ya udaktari. Bila makala, nani atanitazama mimi? Na kanisa zima hapa ughaibuni, Mount Druitt, linaniita Dokta Fiacre tangu mwaka wangu wa kwanza chuoni!

Jumatano, 3 Septemba
Bahati! Shangazi Emerance, aliyenilea tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, ana kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Na kisukari anacho. Binti yake, Ange, anataka aende hospitali. Shangazi kasema hospitali ya nini, na Dokta tunaye ndani? Nikakitazama kile kidonda. Nikaona makala. Nimemwambia asubiri, nahitaji picha za kila siku. Na asipake dawa, ataniharibia utafiti. Amekubali kwa fahari.

Ijumaa, 5 Septemba
Kidole kimeanza kuwa cheusi. Picha safi sana! Moja tu imeharibika, Shangazi alitikisika akicheka. Ana homa, lakini kazini kaenda vilevile, kuogesha wazee wa watu. Ange kanifokea kwa Kiingereza kwamba mama yake anahitaji daktari, tena wa kweli. Imeniuma.

Jumapili, 7 Septemba
Ange kaita ambulensi. Vidole viwili vimekatwa. Daktari kauliza ni nani aliyemshauri kukaa nyumbani. Shangazi kajibu ni ukaidi wake mwenyewe. Nililia pale pale kwenye korido. Kisha nikamwomba nesi picha za eksirei. Kakataa. Watu wana roho mbaya!

Jumanne, 9 Septemba
Niliwaandikia chuo kuuliza makala ina uzito gani, wamejibu. Makala haziongezi hata alama moja! Wanaangalia matokeo ya darasani, mtihani wa kuingilia na usaili. Mtihani huo sikuusomea, nilikuwa natafuta makala. Kelly ameitwa kwenye usaili. Mimi hapana. Anasema kwenye barua panya wake hawakutajwa popote.

Jumamosi, 13 Septemba
Shangazi amerudi. Kusimama hawezi, kazi ndiyo basi. Wageni wakija ananitambulisha vilevile: Dokta wetu. Aibu imenijaa. Nimeapa kubadilika.

Jioni Mzee Libère wa kwaya kaja kumpa pole. Ana uvimbe chini ya sikio, Jumatatu anatakiwa hospitali. Na nasikia jimbo la jirani kuna chuo kinachojali makala. Nimemwomba Mzee aahirishe kidogo. Kaniuliza kama hakuna hatari. Nimemjibu hakuna, aje tu kesho baada ya ibada, mwanga wa sebuleni ni mzuri.