Sillim Yetu, Sakafu ya Moto

Basi Jebet, wewe ulikuwa zamu hospitali, hukumwona Cornelius amevaa koti kwa joto lile la pale makanisani Mesaimeer, ibada ndiyo imetoka, watu wanatafuta kivuli na basi. Huyo mwenyekiti wa umoja wetu akapanda juu ya kreti ya soda. Shika chai, nikuigizie.

"Waheshimiwa wachungaji, waheshimiwa wazee, waheshimiwa madereva na magadi, mayaya wote bila kubagua umri (hapo akaniangalia mimi, bibi kizee mnayeniita Dani, watu wakacheka), itifaki imezingatiwa! Kama mnavyojua, mimi mtumishi wenu nilifunga safari ya kikazi mpaka Korea, jiji la Seoul, mtaa wa Sillim, kufanya fizibiliti, ambako watu wamebanana kama dagaa lakini kila mtu ana chumba chake, ufunguo wake na jiko lake (makofi), na kwa hiyo, katika fremu ya maendeleo endelevu na mastekiholda wote, Sillim yetu hapa Doha, jengo letu la vyumba, imefikia asilimia tisini na tisa, hiyo moja iliyobaki ni rangi (vigelegele). Na kule unavua viatu mlangoni, sakafu inapashwa moto chini kwa chini, nasi tutapashiwa vivyo hivyo!"

(Nasimiyu, yule gadi anayesimama juani getini, akauliza, "Mwenyekiti, sakafu ya moto, hapa? Mwezi wa saba?")

"Swali zuri, dada, litapelekwa kwa kamati ya ufundi."

Nikamkumbuka marehemu mzee wangu, aliyewahi kununua gambuti akiwa Lodwar, kule jangwani. Lakini ngoja, nilikuwa wapi? Eeh.

"Naagiza, mwenye kitanda cha kushirikiana amwachie mwenzake leo, huko twendako hakuna kulala kwa zamu!"

Akinyi akaruka. Si unajua yeye na Chebet, huyu akitoka kazini yule anaamka, shuka bado ina joto la mwenzake, mwaka wa nne sasa. Palepale akamwachia kitanda chote, wakakumbatiana, Chebet akampigia dadake aje wakae wote. Dada hakungoja jioni, akafika na sanduku. Cornelius bado anaongea.

"Umoja ni ghorofa! Sillim ni yetu! Nihitimishe kwa kuwashukuru nyote, kipekee yule Mkorea mwenye duka hapahapa mjini, Al Sadd, aliyenipa kalenda ya picha za Sillim, ambayo ndiyo ilikuwa safari yenyewe, na ninyi kwa uvumilivu. Kabla hamjapanda basi, anayejua mahali tunaweza kupata kiwanja aniambie. Asanteni."

(Mtu mmoja akapiga makofi, akaacha.)

Mimi macho yangu kwa Akinyi. Bado alikuwa anatabasamu, unajua lile tabasamu mtu amesahau kulitoa, halafu...

Nani huyo anagonga?

"Dani, nifungulie, mikono imejaa."

"Imejaa nini, Akinyi?"

"Godoro."

Nakuja, mjukuu wangu. Jebet, songa kwa ukuta, na usimwulize kitu.