Kichwa cha Mkuu wa Idara

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa idara anastaafu Ijumaa. Mhasibu katangaza mbele ya ofisi nzima kwamba anamfumia shali. Shali! Wakampigia makofi kana kwamba keshamaliza. Nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba mimi namfinyangia kichwa. Mhasibu akauliza kichwa cha nani. Nikamjibu kwa utulivu: cha mkuu mwenyewe, cha udongo, na upara wake na masharubu yake. Mtu akakohoa. Wivu ni ugonjwa.

Najua hawajaisahau sabuni niliyowatengenezea mwaka jana. Watu wa ngozi laini! Hata mama mkwe, tunayekaa naye hapa nyumbani, aliiogea akawashwa wiki nzima. Tangu siku hiyo salamu zake kwangu hupitia kwa mke wangu. Mwambie mumeo asogeze ndoo. Nami nimesimama pale pale, karibu na ndoo.

Jumanne, 4 Machi
Udongo nimeukanda kwenye beseni la kufulia. Mke wangu kauliza kama mimi sina beseni langu. Swali la mtu asiyejua sanaa.

Siwezi kumwomba mkuu akae nimtazame, nitaharibu siri. Basi kwenye mkutano nikamkodolea macho. Pua, mashavu, kidevu. Nilimkazia mpaka akainama kukagua zipu yake.

Jumatano, 5 Machi
Pua imeanguka. Nimeweka nyingine, kubwa kidogo, ili ishike. Mashavu nayo yanashuka, udongo una maji mengi. Nikiyapandisha, macho yanafumba. Nimeyaacha. Mkuu ni mtu mzima, ana haki ya mashavu.

Lakini tai! Fundo la tai limenitoka sawasawa. Masharubu nimechomoa kwenye brashi ya viatu. Kesho kinaanikwa barazani. Mhasibu na ajifunike shali lake mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa.

Nimerudi kazini, nikamkuta mama mkwe barazani, kajisogezea kiti, uso kwa uso na kichwa. Masharubu yamekauka yakadondoka, hakuna hata unywele. Ndipo nilipoona. Ile pua. Yale mashavu. Ule upara, laini, kama kitambaa anachojifunga kichwani akipika. Mama mkwe mtupu!

Nilitaka kuingia mitini. Akageuka, macho yamejaa machozi. Akaniita mwanangu. Mimi! Akasema alidhani namchukia, kumbe siku zote hizi nilikuwa namtazama hivi. Akasema tangu azaliwe hajapata kutazamwa na mtu kwa makini kiasi cha kumjua mpaka hapa, akagusa mkunjo wa chini ya jicho. Mkunjo ule ni kidole changu, kiliteleza.

Nifanye nini? Nimwambie, mama, huyo ni mwanamume anayestaafu? Nikasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia mwenyewe, bila mkalimani.

Mke wangu akatoka, akakizunguka kichwa polepole. Akauliza kwa upole tangu lini mama yake anavaa tai. Nikasema ni fundo la mtandio. Mama mkwe akasema bila shaka ni mtandio, huyu mtoto haoni? Mke wangu akaingia ndani. Nilisikia akicheka huku kajiziba kwa mto. Alipotoka alinipakulia chakula, akaniongezea bila kuombwa.

Kichwa sasa kiko chumbani kwa mama mkwe. Na kesho ndiyo sherehe.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda mikono mitupu. Shali la mhasibu likapita mkono kwa mkono, kila mtu anapapasa. Kusema kweli ni shali zuri. Limekaa upande, lakini zuri.

Zamu yangu ikafika. Ofisi nzima ikakaa mkao wa kula. Nikasimama nikasema zawadi yangu nimelazimika kuiacha kwa mtu aliyeihitaji zaidi. Nilikuwa na mengine ya kusema, nikaishia kuificha mikono mifukoni. Mhasibu hakucheka. Alinisogezea kiti.

Mkuu akanikumbatia kuliko alivyomkumbatia mtu yeyote. Akaninong'oneza nisijisumbue kabisa, wala nisitengeneze kingine. Akarudia: kabisa. Machozi yamemlengalenga. Sikujua kama ananipenda hivi!

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari siku mbili. Mtu anayekukumbatia vile huwezi kumwacha aende bila kumbukumbu. Kichwa ni kidogo kwake. Nitamtengeneza mzima, kwa saruji, kasimama, nimpelekee nyumbani kwake bila taarifa. Mhasibu nimemwahidi sabuni, toleo jipya, kwa ajili ya kile kiti.

Lakini kwanza kazi ya nyumbani. Asubuhi mama mkwe kaniletea chai kwa mkono wake, akakaa, akaona haya kidogo. Akaomba nimfinyangie na marehemu baba mkwe, wakae pamoja pale chumbani. Alifariki kabla sijaoa, sikuwahi kumwona. Picha yake hakuna hata moja. Nikamwuliza alikuwaje. Akafikiri sana, akasema alikuwa mtu mzuri.

Inatosha. Nimemwambia ni kazi ndogo, na beseni nimeshalichukua.