Mlenda wa Kitaluni

Jumatatu, 2 Septemba 1974, Ntalikwa
Mkutano wa kijiji. Bwana shamba Kornel katangaza kwamba baada ya wiki mbili atakagua vitalu vya tumbaku. Mwenye miche mizuri atakuwa msimamizi. Msimamizi hachoti maji! Anasimama kivulini na kuelekeza. Cheo changu hicho. Jirani yangu Silasi kaanza kuchota ndoo kumi kwa siku. Maskini.

Jumanne, 3 Septemba
Nimepata dawa. Mlenda wa jana ulikaa sahanini mchana kutwa, jioni bado chepechepe. Basi mlenda unashika maji! Nimeupika na wanga wa muhogo, nikauanika juu ya ungo wa mke wangu Zamda. Ukikauka nitaukata vipande. Kipande kikinywa maji kinafura, kisha kinayatoa kidogo kidogo. Kikimaliza kazi kinaoza, kinakuwa mbolea. Magadi nimetia ya kutosha, maana mlenda bila magadi haunogi.

Alhamisi, 5 Septemba
Vipande nimevifukia kitaluni. Nimemwagilia mara moja tu, nikajilaza. Silasi kapita na ndoo, kauliza kama naumwa. Nimemjibu niko kazini.

Jumatatu, 9 Septemba
Udongo bado umelowa! Miche imegeuka njano kidogo. Shibe hiyo. Zamda anasema magadi yanaiunguza. Nimemwuliza mbona sisi tunayala miaka yote na hatujafa. Kadai ungo wake.

Jumatatu, 16 Septemba
Ukaguzi. Kornel kachomeka kidole kitaluni, akashangaa: siku kumi na moja, maji yapo! Kisha akatafuta miche. Hakuiona. Akanusa kidole.

"Mzee Mabruki," akasema, "umepika vizuri sana, ila tumbaku haili magadi."

Kijiji kizima kikacheka. Nami nikacheka, ingawa niliumia. Silasi ndiye msimamizi. Mimi nimepewa kumwagilia kitalu chake mpaka miche ihamishiwe shambani.

Jumanne, 17 Septemba
Ndoo kumi. Mabega yamekufa, lakini roho imetulia. Bwana shamba mwenyewe kasema maji yapo, tena mbele ya watu! Na Silasi si mtu mbaya, kanigawia muhogo wa kuchoma. Nimemwonea huruma, kitalu chake kinakauka kila adhuhuri. Nimepika mlenda mwingine, nitaufukia kitaluni mwake ukikauka, bila kumwambia, nimfurahishe. Magadi nimetia maradufu. Safari ile niliyapunja.