Sufi ya Godoro la Wageni

Jumanne, 5 Agosti 2025
Mashua imesimama! Iko ufuoni nyuma ya nyumba, kila ubao nimeukunja kwa mikono hii. Nimeizunguka asubuhi nzima, mimi niliyefundisha fizikia hadi kustaafu! Limebaki kukalafati tu, yaani kushindilia pamba yenye mafuta ya papa katika mianya ya mbao. Pamba imeniishia ubavu wa kwanza.

Jirani yangu Mzamil, karani mstaafu wa Kilindini, akapita. Akauliza banda langu la kuku lahamiwa lini. Nikamjibu Jumamosi, maji ya bamvua, bahari ijaapo kupita siku zote, litaelea. Akasema lisipoelea, ni kuni za biriani ya arusi ya bintiye. Baraza zima lilisikia. Nikakubali. Ulimi huu!

Jumatano, 6 Agosti
Suluhisho liko nyumbani. Godoro la wageni ni sufi tupu, na sufi haishiki maji. Zamani ilitiwa ndani ya maboya. Basi yaishinda pamba! Ajabu hakuna fundi aliyelifikiria hili. Nimefumua mshono kidogo. Mke wangu Mejumaa akauliza mbona ndevu zimezidi weupe. Nikamweleza habari za umri.

Ijumaa, 8 Agosti
Mianya yote imeziba. Godoro limekuwa mkeka. Na leo kaja shemeji Mwanakuu kutoka Lamu! Kalilalia mchana, kaamka akiuliza kama siku hizi wageni twawalaza sakafuni. Mejumaa akanitazama. Nikatoka kwenda kuiangalia mashua.

Jumamosi, 9 Agosti
Mtaa mzima uliivuta, wanaume kwa wanawake. Ikagusa maji. Ikaelea! Subhanallah. Ile miti mizito niliyoihangaikia ikawa nyepesi, ikageuza omo, pua yake, yenyewe, kana kwamba yaijua njia. Machozi yalinitoka.

Kisha sufi ikaanza kuchomoka, shungi baada ya shungi. Nayo ikaelea vizuri sana, kama nilivyosema. Mashua ikaketi chini polepole, nami ndani, maji kifuani. Kutoka ngazi za ufuoni Mejumaa akaita, "Mume wangu, hilo si godoro langu?"

Jumapili, 10 Agosti
Maji yalipotoka, Mzamil akaja na shoka. Akaweka kiganja ubavuni mwa mashua, akakipitisha taratibu hadi kwenye omo. Akaliweka shoka chini. Mwishowe akasema, "Mwalimu, mkono hauendi." Kanipa hadi bamvua lijalo, kabla ya arusi.

Nikamweleza kosa: pamba hufura ikilowa, ndipo ikaziba, sufi haifuri. Nililijua siku zote, ila sikujiuliza.

Akaniomba na yeye jambo. Nyumba yake imejaa wageni wa arusi; je, nimhifadhie godoro jipya la bibi arusi? Limeletwa jioni. Pamba tupu, nene, safi! Nimelipokea kwa mikono miwili. Mshono wake uko upande wa miguuni.